Mlinzi Asiye na Subira

"Imekufa tena!" Bwana Chandrashekhar alipiga meza mpaka kahawa ikaruka. "Vasudha, nini hii?"

"Haijafa, bosi. Imeuawa."

Haya, kitendawili: nani huuawa kwa kosa la kuchelewa kuamka? Ni programu yao ya kukatia tiketi za basi. Ndani ya kontena lake, yaani kijisanduku chake mle kwenye kompyuta, ilihitaji dakika mbili kufumbua macho. Lakini programu nyingine, waliyoiita mlinzi, haikungoja hata ipige miayo. "U hai?" Kimya. Basi inaiua, inaiwasha upya, inauliza tena. Na jiji zima la Bengaluru lilitaka kwenda kwao kwa Ugadi, sikukuu ya mwaka mpya.

"Tumwambie mlinzi angoje dakika tano ndipo aanze kuuliza," Vasudha alisema. "Ni mstari mmoja tu."

"Dakika tano! Hapa ni ofisini, si leba. Ikifika saa sita haijaamka, kazi huna, nenda ukapike dosa." Bosi akatazama kalenda ukutani, akashika kichwa. "Kumbe mliiwasha saa ya nuksi! Nitafutie kuhani, upesi!"

Msomi huyo, shahada mbili, hakununua hata soksi katika saa ya nuksi.

Vasudha alipiga simu moja. Kuhani akafika mbio, shuka jeupe limebanwa kwa mkanda wa suruali, paji la uso limepakwa majivu kama ukuta unaongoja sikukuu. Alikikodolea macho kioo cha kompyuta, akaguna.

"Roho hii inasumbuliwa. Iwasheni upya, na asiiulize neno mtu wala mashine mpaka nimalize dua."

"Dua ni ndefu kiasi gani, guruji?" bosi aliuliza, viganja vimeshikana.

"Dakika tano."

"Vasudha, umesikia? Mwambie mlinzi angoje dakika tano! Unanikodolea nini, mtoto wewe?"

Vasudha akaandika mstari wake. Kuhani akaimba kwa sauti nzito. Programu ikaamka polepole, ikajinyoosha, ikajibu kwamba iko hai. Tiketi zikaanza kutoka.

Bosi akainama, akamgusa kuhani miguu. "Hii ndiyo elimu! Si hawa watoto wangu wa vyeti. Na mstari huo asiuguse mtu!"

Vasudha alimsindikiza mgeni hadi kwenye ngazi. Huko kuhani alijifuta majivu kwa ncha ya mtandio wa Vasudha.

"Ila kesho zamu yako, mke wangu," alisema. "Programu ya ofisini kwetu nayo inauawa kila ikiamka, na bosi wangu anataka mnajimu."