Uzi wa Qiu

Babu yenu aliinama juu ya jeneza la Qiu, akaingiza vidole chini ya kola ya joho lake la jukwaani.

Wote wawili walikuwa waigizaji wa kubadilisha vinyago vya hariri mbele ya watu, kufumba na kufumbua, kwa kuvuta nyuzi zilizofichwa ndani ya joho. Lakini Qiu alikuwa na kimoja ambacho hakuna aliyejua kinatokea wapi, na hicho kilimnyima babu yenu usingizi. Na kwetu Chengdu, mwigizaji akikamatwa anapekua siri ya mwenzake, hapandi tena jukwaani.

"Baba watoto, toka hapo," nilimnong'oneza. "Watu wanakuja."

"Nyamaza wewe. Uzi nimeshaupata."

Mjane wa Qiu akatokea mlangoni na nguo zake nyeupe za msiba, waigizaji wa mji mzima nyuma yake. Hakuwa na hata chozi.

"Shemeji," akasema taratibu, "umekuja kumlilia au kumpekua?"

Babu yenu alivuta mkono, haukutoka. Nikadhani umenasa kwenye uzi, nikafunua joho nimsaidie.

Vidole vya Qiu, na ile rangi nyekundu ya vinyago kwenye kucha, vilikuwa vimemkamata kifundo cha mkono.