Tochi ya Shimoni

Adolphine alikuwa akisukuma kuni chini ya pipa la lutuku, pombe kali ya mahindi, wachimbaji walipokuja kunywa kikombe cha kuua woga kabla ya kushuka shimoni. Mwanawe wa miaka kumi na sita alikuwa kati yao, tochi imefungwa kichwani.

"Mama, leo unipe na mi."

"Lutuku ni ya bakubwa. Loi ya serikali inasema miaka kumi na munane."

"Mama, ile loi iko Kinshasa!" wachimbaji wakacheka.

"Mu shimo nashuka na bakubwa," mwanawe akasema. "Kule chini hakuna mutu ananiuliza miaka."

Adolphine aliziacha kuni, akamsogelea. Kisha akamvua tochi, mkanda wake umelowa jasho, akaifunga ndani ya kitenge chake ingali inawaka.

"Umesema muzuri. Na shimo pia ni ya bakubwa."

"Mama, tutapunguka mutu!" kiongozi wao akafoka. "Lutuku tutanunua kwingine!"

"Muende, tata," Adolphine akamwambia mzee huyo.

Wakaondoka. Mwanawe alibaki amekunja ngumi. "Kesho nitashuka bila tochi."

"Basi utanikuta kwenye mulango ya shimo, nimekaa."

Adolphine akamwaga maji kwenye moto wa pipa, chupa ya kwanza ya kukingia lutuku ya siku hiyo ikiwa bado nusu.