Figa la Tatu

"Hapa hajawahi kuishi mtu," mwongozaji alitangaza, basi la watalii liliposimama. Simba dume alikuwa amejilaza nyasini, na abiria wote wakabanana dirishani na simu zao.

Nyamizi hakumtazama simba. Alitazama mawe mawili ya kijivu ubavuni mwa mnyama huyo, yaliyoelekeana kama mafiga.

"La tatu amelilalia," alisema.

"Mawe tu hayo, dada," mwongozaji alimjibu.

"Mama alizaliwa huku. Alisema figa lao moja lilikuwa jekundu."

Mwongozaji akamwomba dereva azime injini.

Abiria wengine waliomba simba asiondoke. Nyamizi alifuta kioo kwa upindo wa kanga, akiomba ainuke.

Simba akapiga mwayo, akaanza kujiinua. Aliyewahi kuichukua darubini na kuielekeza pale alipolala alikuwa mwongozaji.