Msiba wa Kitaliano

Waombolezaji walianza kufika kabla Roble hajaamua aliyekufa ni nani.

Mikeka ilitandikwa uani saa tatu asubuhi, viti vya plastiki vikapangwa kando ya ukuta, na mjini Isiolo hayo yanatosha kutangaza msiba. Mpita njia aliona, akavua viatu, akaingia. "Salaam aleikum. Poleni." Kufikia saa tano meza ilikuwa imejaa sukari na majani ya chai.

Ndivyo Roble alivyotaka. Chuoni Nairobi aliandika kurasa themanini akilinganisha sinema za Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Wafaransa, aliandika, walibeba kamera begani wakamchezea mtazamaji, asisahau kuwa anatazama sinema. Wataliano waliingia mtaani, wakamchukua mtu na shida zake, wakamwacha alie katika nyumba yake mwenyewe. Roble alikuwa wa Wataliano, mwili na roho.

Babake, mwenye lori la kubeba ng'ombe kutoka Oldonyiro, alisikia habari hizo mara moja tu. "Basi siku utakayokufa, waje hao Wataliano wakuzike," alisema. Huu ulikuwa mwaka wa pili hawajasemezana, na filamu hii ya msiba wa kubuni ndiyo ingemjibu mzee.

Hoda, mpiga picha, alijibanza na kamera nyuma ya pazia, chumbani ambamo maiti ingelazwa. Agizo lilikuwa moja: asizime mpaka auone mkono wa Roble umeinuka.

"Walahi Roble, hawa watu wameleta sukari," alinong'ona. "Tuwaambie ukweli."

"Ukiwaambia, wataanza kuigiza."

Alijibu hivyo, lakini aibu ilikuwa imeshampanda hadi masikioni. Miongoni mwa waliokaa mkekani kulikuwa na mama mmoja muuza maziwa aliyeacha biashara yake ya siku nzima.

Tatizo lilikuwa maiti. Jirani yao Khadar alikataa katakata kulala chini ya shuka. Kifo hakifanyiwi mchezo, alisema, yeye atakaa langoni tu. Basi Roble akajilaza mwenyewe, akajifunika shuka hadi kichwani.

"Na wakiuliza nani ameenda?" Khadar aliuliza.

"Sema jina lolote."

Khadar, mtu asiyejua kudanganya, alijikuna kichwa akaenda zake langoni.

Saa saba gari likafunga breki nje. Mtu akaingia mbio, akapiga magoti kando ya kitanda, na kilio kikamtoka: kilio kibaya, cha mwanamume asiyejua kulia, mara kikohozi, mara kwikwi. Roble hakuweza kumwona uso. Alimsikia tu, na mwili ukamsisimka. Hiki ndicho alichokitafuta katika kurasa zote themanini. Nairobi nzima hapakuwa na muigizaji wa kulia hivi. Akamwomba Mungu Hoda awe amemweka katikati ya picha.

Mgeni akavuta kamasi, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Roble, kijana yangu," akasema. "Ile maneno ya Wataliano ilinitoka tu. Mimi ndio nitakuzika."

Chini ya shuka, mkono wa Roble uliinuka kidogo. Kisha, Mungu amsamehe, akaulaza tena, akangoja mzee amalize kulia.