Ramani ya Sebuleni

Tangu sheria ilazimishe kila sebule iwe na ramani ya seli tulizi za wanakaya, zile zinazoizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, mama mkwe wangu, Bi Mwatima, hana kazi nyingine.

"Zimekimbilia tumboni! Umekula pilipili tena!" hunitangaza mbele ya wageni. Jamani, mwili wangu umegeuzwa taarifa ya habari!

Leo asubuhi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Kwenye ramani, nukta za kijani za seli zangu zilikuwa zimejazana kwenye mfuko wa uzazi.

"Zinamlinda mjukuu wangu," alisema, "kinga yako isimfukuze kama mgeni."

Kabla sijajibu, alikuwa ameshawapigia simu mawifi zangu wote, na uji wa pilipili manga unachemka.

Nilijifungia chooni na kipimo cha mimba, cha tatu wiki hii. Mstari mmoja tu, hakuna mimba, kama kwenye vipimo viwili vya kwanza.

"Mwanaidi, toka unywe uji!"

Shuleni tulifundishwa kwamba seli hizo hukilinda chochote kigeni kinachokua mwilini, kiwe mtoto, kiwe uvimbe.

Nilifungua mlango, nikapokea kikombe. Kwenye ramani, nukta zilikuwa zimeongezeka.