Vumbi la Ovaroli

Mwaka wa 1991, Jerop alirudisha ovaroli ya mumewe karakanani Kitale, kama nyapara alivyoagiza.

"Miaka kumi na mmoja amewakatia mabati ya asbesto," alisema. "Leo hata kufunga kamba za viatu kunamkata pumzi. Ni hili vumbi lenu."

"Vumbi ni vumbi tu, mama. Si hata wewe umekuwa ukiifua hiyo nguo? Na uko mzima."

Kila Jumamosi, kabla ya kuifua, Jerop aliikung'uta uani, watoto wakicheza miguuni pake. Sasa akaikung'uta vivyo hivyo, mbele ya meza ya nyapara.

Nyapara aliruka nyuma kama aliyeona nyoka, kitambaa tayari kiko puani.

Kumbe walijua!

Jerop akaufunga mlango kwa mgongo, akaikung'uta tena.