Ruzuku, Mkopo na Vidole vya Mama

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya nywele, narudi sebuleni kwetu, nimekaa chini katikati ya magoti ya mama akinisuka, nami namsomea kwenye simu misaada ya masomo ya chuo.

"Ruzuku ndiyo nini?" aliuliza.

"Unapewa, hurudishi."

"Na mkopo?"

"Huo unarudisha ukishapata kazi. Halafu kuna ufadhili, ni wa waliofaulu sana. Na kuna vibarua vya hapohapo chuoni, unasoma huku unalipwa."

"Haya, jaza."

Nikacheka. "Mama, mimi bado nina mwaka mzima shuleni. Fomu hizi ni za mwaka huu."

Vidole vyake vikasimama. Nilivihisi kichwani, vimeshika mafungu matatu ya nywele bila kuyasokota.

"Jaza jina langu," akasema.

Nikataka kugeuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Tazama mbele. Na usinicheke."

Sikucheka. Nikaandika jina lake, nikafika kwenye swali la kozi. "Unataka kusomea nini, mama?"

"Ukunga," akajibu upesi, kama aliyelibana neno hilo mdomoni miaka yote.

Tukajaza kila msaada uliokuwapo, mkopo tukauweka mwisho. Giza likatukuta hapohapo. Kesho yake nilikwenda shule nusu kichwa kimesukwa, nusu bado hakijasukwa, na kila aliyeuliza nilimjibu bila haya: "Mama alikuwa anaomba chuo."